Mgonjwa wa Mwaka 1902 Hamjui Mbung'o: Kutafiti Maradhi na Usafi kwa Ajili ya Hadithi za Kihistoria

Wahusika wa hadithi za kihistoria tunazoandika darasani huvaa mavazi ya wakati wao, hushika silaha za wakati wao na huwataja wafalme wa wakati wao. Lakini wakiugua tu, au wakienda kuoga, hugeuka ghafla wakawa watu wa leo. Mgonjwa hujua kinachomuua. Mama yake humkanya asinywe maji yasiyochemshwa. Mganga wa kienyeji huonekana mjinga tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu mwandishi amekwisha kusoma kitabu cha biolojia cha kidato cha pili ambacho mganga hakukisoma.

Katika insha hii ninadai kwamba kwa mwandishi wa hadithi ya kihistoria kazi ngumu ya utafiti ni kujua wahusika wake wasichokijua. Kupata dalili za ugonjwa ni rahisi kuliko hilo. Nitatumia mifano miwili: usafi wa mwili katika Enzi za Kati, kwa ufupi, na ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, ambao ndio mada ya hadithi ninayoiandika.

Kuhusu usafi, wengi wetu tumeijua Ulaya ya Enzi za Kati kupitia filamu: matope hadi magotini, meno meusi, mfalme anayenuka sawasawa na mbwa wake. Orodha ya walipa kodi ya jiji la Paris ya mwaka 1292 inasimulia mengine. Humo wametajwa wenye nyumba za kuogea zipatazo 26, watu waliokuwa na biashara inayotozwa kodi kama waoka mikate na washona viatu. Nyumba hizo zilipungua sana katika karne za 15 na 16, tauni na kaswende vilipowatisha watu, na madaktari walipofundisha kwamba maji ya moto hufungua vinyweleo vya ngozi na kuiruhusu hewa mbaya ya maradhi iingie mwilini. Kwa hiyo Mzungu wa mwaka 1600 anayeogopa kuoga si mvivu wala mshenzi. Anamtii daktari wake. Mwandishi asiyejua hilo atamchora kama kichekesho, na atakuwa amempoteza mtu mwenye busara aliyekuwa akijikinga kwa elimu bora ya siku zake.

Kosa linakuwa kubwa zaidi tunapouazima uchafu huo wa filamu na kuuhamishia pwani yetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yana bwawa la kuogea la pembe nane. Gede, karibu na Malindi, nyumba za mawe zilizochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 zina vyoo ndani yake, na msikiti mkuu una kisima na birika la kutawadhia. Mhusika wa Kilwa ambaye ni Mwislamu anayeswali anagusa maji mara tano kwa siku. Kumchora akinuka jasho la wiki nzima ni kutoujua mji wenyewe. Hata hivyo swali ninalolipenda zaidi kuhusu bwawa lile ni jingine: nani alilijaza? Hakukuwa na pampu. Kila tone lilichotwa na mkono wa mtu na kubebwa, na mtu huyo hayumo katika kitabu cha Ibn Battuta. Mwanafunzi mwenzangu akitaka kuandika hadithi ya Kilwa, namshauri aanze na huyo, si na sultani.

Mimi mwenyewe hadithi yangu haiko Kilwa. Iko Buvuma, kisiwa cha Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako ukoo wa mama yangu ulitoka. Inaanza mwaka 1902. Mhusika mkuu ni msichana wa miaka kumi na minne anayeteka maji kwenye mwalo kila asubuhi, chini ya miti iliyoinamia ziwa.

Kila msomaji wa leo anajua kinachomngoja. Mbung'o wa kando ya ziwa hukaa katika kivuli kama hicho, huuma mchana, na huwapata watu pale pale wanapolazimika kufika: penye maji, penye mitumbwi, penye nyavu. Msichana wangu anamfahamu inzi huyo vizuri, na Waganda humwita kivu. Anajua kwamba kuumwa kwake kuna maumivu makali. Lakini hamhusishi na kifo, na mwaka 1902 hakuna mtu yeyote nchini Uganda anayemhusisha na kifo hicho. Anampiga kofi kama anavyompiga inzi mwingine, kisha anajitwisha mtungi wake. Msimulizi hana ruhusa ya kumkonyezea msomaji hapo. Nimeiandika sentensi hiyo ya kofi mara nyingi, na kila mara neno moja la onyo lilijipenyeza: “kumbe”, au “laiti”. Nimeyafuta yote.

Mpangilio wa matukio ni huu. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza katika Hospitali ya Mengo. Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma madaktari watatu: Low, Castellani na Christy. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, kwa hiyo safari ambayo misafara ya miguu iliichukua kwa miezi ilikuwa imegeuka kuwa ya siku chache. Madaktari hao walikuja na dhana zao. Moja ilikuwa kwamba ugonjwa unaletwa na minyoo ya filaria. Castellani kwa muda aliamini ni bakteria, kisha akaona vimelea vya tripanosoma katika kiowevu cha uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce alifika Machi 1903. Yeye alikuwa amekwisha kuonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa ng'ombe, kwa hiyo alijua amtafute nani. Aliomba inzi wanaouma wakusanywe na kuletwa kutoka kila upande, kazi iliyofanywa kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa na machifu. Ramani ya mbung'o ilipowekwa kando ya ramani ya ugonjwa, zilifanana.

Vitabu humsifu Bruce kwa ramani hizo, na anastahili. Ila inzi hawakujikusanya wenyewe. Kuna watu waliotumwa vichakani kuwakamata, na wao ndio walioumwa.

Kwa hadithi yangu, maana ya tarehe hizi ni kwamba kwa mwaka mzima wa 1902 daktari wa Kizungu na mganga wa Buvuma wako sawa. Wote wawili wanabahatisha. Daktari ana hadubini, mganga anazijua familia za wagonjwa, na hakuna hata mmoja anayeokoa mtu. Nikimfanya daktari ajue, nitakuwa nimempa elimu ya mwaka unaofuata. Nikimfanya mganga awe tapeli, nitakuwa nimemwonea.

Sasa ugonjwa wenyewe. Jina la Kiswahili, malale, linampotosha mwandishi mvivu. Katika hadithi nyingi mgonjwa wa malale analala, tena analala fofofo, siku nyingi, kama binti wa ngano za kale, mpaka afe. Sivyo. Huanza homa za kuja na kuondoka, kichwa kuuma, mwasho, na tezi za nyuma ya shingo kuvimba. Vimelea vikishaingia katika ubongo, usingizi huharibika mpangilio: mgonjwa husinzia mchana katikati ya mazungumzo na hukesha usiku. Ulimi na vidole hutetemeka, maneno huburuzika, mwendo hupepesuka. Tabia hubadilika. Mtu mpole huwa mkali, mwenye haya huvua nguo, mwingine hucheka au hulia bila sababu. Mwisho hukonda, hushindwa kula, na kuzimia kabisa. Jina la Kiganda, mongota, linasema kweli zaidi, kwa sababu linatokana na kitenzi cha kusinzia huku kichwa kikianguka kifuani.

Mabadiliko ya tabia ndiyo yaliyonionyesha hadithi iko wapi. Kwa miezi kadhaa, kabla ya usingizi wowote, familia ya mgonjwa haimwoni mgonjwa. Inamwona mke aliyeanza kuwa mkorofi, au mtoto aliyeanza kuwa mvivu na mwenye matusi. Wanamgombeza. Pengine wanampiga. Kisha anaanza kutetemeka ulimi na wanatambua walikuwa wanampiga nani. Sikuhitaji kubuni chochote hapo.

Kuna jambo moja lililonisumbua zaidi ya yote, nalo ni muda. Vimelea vya malale ya binadamu ni vya aina mbili. Aina ya gambiense, ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, humla mtu polepole kwa miaka. Aina ya rhodesiense, ya mashariki na kusini, huua kwa miezi michache au hata wiki. Uganda ndiyo nchi pekee yenye zote mbili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba janga la 1900 hadi 1920 lilikuwa la gambiense, lakini makala iliyochapishwa mwaka 2004 ilisoma upya kumbukumbu za wagonjwa wa siku hizo na kuona kwamba walikufa upesi mno, kwa hiyo rhodesiense inaelekea zaidi. Kwa mwanasayansi hilo ni suala la uainishaji. Kwangu ni suala la kama msichana wangu anaishi sura tatu au sura kumi na mbili, na kama ana muda wa kuolewa. Nimefuata makala hiyo. Hataolewa.

Kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Albert Cook huko Mulago. Mtu anayeandika hadithi atavutiwa kuchukua kila kitu: majina, vijiji, siku ya kuingia, siku ya kufa. Mimi nachukua mwendo wa ugonjwa, naacha majina. Wagonjwa hao walikwenda hospitali kutafuta dawa, hawakwenda kuwa wahusika wangu, na wajukuu wao tuko nao katika mabasi ya Kampala.

Dawa nayo inahitaji uangalifu. Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifika visiwa vya Sese mwaka 1906 na kuwadunga wagonjwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Baadhi walipata nafuu kwa muda. Baadhi walipofuka. Mhusika anayeikimbia sindano hiyo tusimwite mjinga anayeogopa sayansi, kwa maana amemwona jirani yake akirudi akipapasa ukuta.

Watu zaidi ya 200,000 wanakadiriwa kufa katika janga hilo. Gavana Hesketh Bell aliamua kuwahamisha watu wote walioishi kando ya ziwa, na kufikia mwaka 1909 visiwa navyo vilikuwa vikihamwa. Hapa ndipo kumbukumbu za serikali na masimulizi ya nyumbani kwetu yanapoachana. Kumbukumbu zinasema watu waliokolewa na mbung'o. Jjajja wangu, yaani bibi mzaa mama, aliyesimuliwa na mama yake, anasema tulifukuzwa, na kwamba maradhi yalikuja pamoja na hao hao waliosema wamekuja kuyatibu.

Ningeweza kuliweka neno lake katika kinywa cha mzee mmoja na kuliacha lionekane kama ushirikina. Lakini John Ford, aliyewatafiti mbung'o kwa miaka mingi akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika kitabu mwaka 1971 kinachoelekea upande wa jjajja. Ford anaeleza kwamba watu, mifugo, wanyama pori na mbung'o walikuwa wamefikia uwiano wa aina fulani, na kwamba vurugu za miaka ya 1890 ziliuvunja: sotoka iliyoua ng'ombe, vita, njaa, watu kuhamahama, mashamba kugeuka vichaka. Madaktari wenyewe wa wakati ule walishuku kwamba ugonjwa uliletwa Busoga na askari Wanubi wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Kwa maneno mengine, hata waliouchunguza walidhani ulifuata njia ya dola. Jjajja hakusema kwa lugha ya Ford, ila hakubuni.

Je, kuhamishwa kuliokoa maisha? Naamini kuliokoa, na katika hadithi sitalificha hilo. Pia kuliwaacha watu bila makaburi yao, bila migomba na bila maji ya kuvua kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanahistoria Kirk Hoppe anaonyesha kwamba wengi walikuwa wakirudi kisirisiri kuvua na kuchukua vitu vyao, ingawa ilikuwa marufuku. Sura yangu ya mwisho inatoka hapo. Msichana amekwisha kufa. Mama yake na mjomba wake wanapiga kasia kurudi Buvuma kwenda kuangalia kaburi kama bado linaonekana katikati ya nyasi. Wameshaambiwa habari za inzi, na hawaziamini. Wanakwenda usiku, kwa kuwa wanawaogopa askari.