Majina ya Watu na Mahali katika Mahabharata: Ushahidi na Mipaka Yake

Utangulizi

Tendi kuu za mataifa ya kale zina tabia moja inayomsumbua mwanahistoria: hazitaji tarehe, lakini hutaja majina kwa wingi. Mfalme hutajwa pamoja na baba yake na babu yake; mji hutajwa pamoja na mto unaoupitia; hata upanga na kombe la vita hupewa jina. Wingi huo humfanya msomaji adhani kwamba anasoma historia. Je, jina ni ushahidi wa kiasi gani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama Mahabharata, utendi mkubwa wa Kisanskriti.

Mapokeo huuhesabia utendi huu beti laki moja, na hati ya shaba iliyopatikana Khoh, katikati ya Bara Hindi, ya mwaka 533 au 534 B.K., tayari inautaja kwa hesabu hiyo. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba haukutungwa na mtu mmoja wala kwa wakati mmoja, bali ulikua kwa karne nyingi, takriban tangu karne ya 4 K.K. hadi karne ya 4 B.K. Miswada yake ilitofautiana mno hata taasisi ya Bhandarkar mjini Pune ikaanza mwaka 1919 kazi ya kuilinganisha. Kazi hiyo, ambayo V. S. Sukthankar aliiongoza tangu 1925 hadi alipofariki mwaka 1943, haikukamilika hadi 1966.

Kisa chenyewe chaweza kuelezwa kwa ufupi. Ndugu wawili wa ukoo wa Kuru, Dhritarashtra aliye kipofu na Pandu, waliacha wana walioshindania ufalme. Wana mia wa Dhritarashtra, wakiongozwa na Duryodhana, waliwanyang'anya wana watano wa Pandu milki yao kwa mchezo wa dadu, wakawapeleka uhamishoni kwa miaka 13. Waliporejea walinyimwa haki yao, na vita vya siku 18 vikapiganwa katika uwanda wa Kurukshetra. Waliosalia walikuwa wachache, na ushindi wenyewe ulikuwa msiba.

Majina ya Watu

Jambo la kwanza linalompambazukia mwanaisimu ni kwamba majina mengi ya utendi huu si majina ya kubuniwa ovyo, bali yameundwa kwa kanuni. Kisanskriti huunda jina la mzawa kwa kuinua irabu ya kwanza ya shina na kuongeza kiambishi mwishoni. Kutokana na Kuru hupatikana Kaurava, mzawa wa Kuru. Kutokana na Drupada hupatikana Draupadi, binti Drupada. Na kutokana na Kunti hupatikana Kaunteya, mwana wa Kunti. Irabu u imekuwa au, na msikilizaji akatambua mara moja kwamba anatajiwa nasaba.

Kanuni hiyo haikutumika bila siasa. Wana wa Pandu nao ni wazawa wa Kuru, kwa hiyo nao ni Wakaurava kwa haki kamili. Na mahali pengine mtunzi huwaita hivyo. Lakini kwa kawaida jina la babu mkuu limeachiwa upande wa Duryodhana, na wenzao wakaitwa Wapandava kwa jina la baba. Tena, kwa mujibu wa utendi wenyewe, Pandu hakuwazaa. Walizaliwa na wake zake kwa miungu. Basi jina "Pandava" linadai kile hasa ambacho wapinzani wao wangeweza kukikana. Anayewaita Wapandava amekwisha kuamua kesi.

Majina mengine yamebeba kinaya. Dhritarashtra maana yake ni aliyeushika ufalme imara, naye ndiye aliyepitwa na ufalme hapo awali kwa sababu ya upofu wake. Yudhishthira, mkubwa wa Wapandava, ni yule aliye thabiti vitani: sehemu ya kwanza, yudhi, ni neno la vita katika hali ya mahali, kama "vitani" ilivyo katika Kiswahili. Hata hivyo yeye ndiye mwenye kuvichukia vita kuliko ndugu zake wote.

Inafaa kuzingatia kwamba majina haya yalijulikana mapema. Panini, mwanasarufi aliyeishi kwa kadirio la wengi katika karne ya 4 K.K., anatoa kanuni ya sauti inayoeleza umbo la Yudhishthira, kanuni nyingine inayowataja Vasudeva na Arjuna pamoja, na nyingine inayogusa neno lenyewe "Mahabharata". Maandiko ya Veda yaliyomtangulia yanamtaja Parikshit, mfalme wa Wakuru, na Janamejaya, na hata Dhritarashtra mmoja mwana wa Vichitravirya. Lakini hayawataji Wapandava watano. Hapa ushahidi wa majina unagawanyika: ukoo una mizizi katika kumbukumbu kongwe, ilhali mashujaa wenyewe wanaonekana baadaye.

Wake na Nchi Zao

Utajiri mkubwa zaidi kwa mwanahistoria umo katika majina ya wanawake. Mkewe Dhritarashtra anaitwa Gandhari, yaani mwanamke wa Gandhara, nchi ya bonde la Peshawar na mji wa Taxila, ambayo leo imo Pakistani. Utendi haumpi jina jingine. Mke wa pili wa Pandu ni Madri, wa nchi ya Madra katika Punjab, ambayo mji wake mkuu, Shakala, hulinganishwa na Sialkot ya leo. Draupadi huitwa pia Panchali, wa nchi ya Panchala. Hata Kunti, linalodhaniwa kuwa jina lake mwenyewe, ni jina la watu na nchi: jina alilozaliwa nalo ni Pritha, na Panini ana kanuni mahsusi inayoeleza kwa nini binti wa Kunti, wa Avanti au wa Kuru hutajwa kwa umbo fupi bila kiambishi. Mtindo huu haukuwa wa Mahabharata peke yake. Katika Ramayana wamo Kausalya wa Kosala, Kaikeyi wa Kekaya, na Sita aitwaye Vaidehi kwa nchi ya Videha.

Majina hayo yakipangwa pamoja, huchora ramani ya mikataba. Mwanamke aliyeolewa na ukoo wa Kuru aliitwa kwa nchi aliyotoka kwa sababu nchi hiyo ndiyo iliyokuwa imeolewa. Vita vilipokuja, ramani hiyo ilifuatwa kwa sehemu kubwa. Shakuni wa Gandhara alisimama na mpwa wake Duryodhana. Panchala ilisimama na waume wa Draupadi. Matsya, iliyomwoza Abhimanyu mwana wa Arjuna binti yake, ilisimama upande huohuo. Aliyeivunja ramani ni Shalya wa Madra, mjomba wa Wapandava wawili wadogo, aliyenaswa na ukarimu wa Duryodhana njiani akaahidi kumpigania. Utendi unaisimulia kwa kirefu namna alivyonaswa, kwa maana wasikilizaji walitazamia vinginevyo.

Suala la Karna linaonyesha upande wa pili wa mambo. Huyu alizaliwa na Kunti kabla ya ndoa, akatupwa mtoni, akalelewa na mwendesha gari la farasi na mkewe Radha. Alipodharauliwa mashindanoni kwa kukosa nasaba, Duryodhana alimpa palepale ufalme wa Anga, katika sehemu za Bhagalpur, mashariki ya Bihar ya leo. Thamani ya zawadi hiyo yaonekana katika Atharvaveda, ambamo mshairi anaiambia homa iondoke iende kwa watu wa Gandhara, wa Mujavant, wa Anga na wa Magadha. Anga ilikuwa nchi ya pembeni, mahali pa kupelekea maradhi. Karna alifanywa mfalme, lakini mfalme wa mbali. Na Krishna alipomfunulia baadaye kwamba yeye ndiye mzaliwa wa kwanza wa Kunti, akamwahidi kiti cha enzi, Karna alikataa. Alikubali kubaki Radheya, mwana wa Radha. Miongoni mwa watu wote wa utendi huu wanaoitwa kwa majina ya wazazi, yeye pekee alipewa nafasi ya kuchagua, akamchagua aliyemlea.

Miji na Vijiji

Mahali panapotajwa katika Mahabharata pengi papo hata leo. Kurukshetra, maana yake shamba la Kuru, ni jina la mji na wilaya katika jimbo la Haryana. Hastinapura iko kando ya mkondo wa zamani wa mto Ganga, kaskazini-mashariki ya Delhi. Jina hilo ni mji wa Hastin, mfalme aliyeujenga kwa mujibu wa nasaba. Lakini hastin pia ni tembo, kwa maana halisi "mwenye mkono". Msemaji wa Kiswahili anayeijua ndizi iitwayo mkono wa tembo hatapata shida kuielewa taswira hiyo. Watunzi waliitumia fursa hiyo: mara nyingi wanauita mji huo Gajasahvaya au Nagasahvaya, yaani ulioitwa kwa jina la tembo, kwa kubadilisha neno la tembo kadiri mizani ilivyotaka. Jina la mahali, ambalo mwanahistoria hulitegemea kama jiwe, katika mikono ya mshairi lilikuwa udongo mbichi.

Indraprastha, mji wa Wapandava, nao unatoa funzo. Ndani ya kuta za Purana Qila mjini Delhi, ngome ya karne ya 16, kilikuwapo hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kijiji kilichoitwa Indarpat. Mabadiliko ya sauti kutoka prastha hadi pat ni ya kawaida, na jina hilo ni ushahidi mzuri. Lakini watu wa sehemu hizo walikwenda mbele zaidi. Utendi unasema kwamba Wapandava, kwa kuepusha vita, walikubali kuridhika na vijiji vitano tu. Wenyeji huvitaja kuwa Panipat, Sonipat, Baghpat, Tilpat na Indarpat. Orodha hiyo inapendeza sikioni, ila siyo ya utendi. Miswada, ingawa inahitilafiana, inataja majina kama Vrikasthala na Varanavata, na kijiji cha tano kinaachwa bila jina: chochote atakachopenda mtoaji. Ulinganifu wa sauti ndio uliovikusanya vijiji vitano vya mapokeo, na si kumbukumbu.

Uchimbuzi na Hatari Yake

Kati ya 1950 na 1952 B. B. Lal alichimba Hastinapura. Alipata tabaka lenye vyungu vya rangi ya kijivu vilivyochorwa michoro myeusi, ambavyo kwa jumla huwekwa takriban kati ya 1200 na 600 K.K.; navyo vilionekana katika sehemu nyingine nyingi zinazotajwa na utendi. Alipata pia dalili kwamba mto uliikumba sehemu ya makazi hayo. Ugunduzi huo ulizusha msisimko, kwa sababu vitabu vya Purana vinasimulia kwamba mfalme Nichakshu, mzawa wa Parikshit, aliuhamishia mji wake mkuu Kaushambi baada ya Hastinapura kuchukuliwa na Ganga.

Hapana budi kupima kilichothibitishwa. Palikuwa na makazi, na mto ulifurika. Lakini nyumba zilizochimbuliwa zilikuwa za miti na matete yaliyokandikwa udongo, si majumba ya mawe yenye sakafu iliyong'aa hata Duryodhana akaidhania kuwa maji. Na tarehe hazipatani na mapokeo: katika hekalu la Aihole, kusini mwa India, maandishi ya mshairi Ravikirti ya mwaka 634 B.K. yanahesabu miaka 3735 tangu vita hivyo, yaani yanavirudisha hadi 3102 K.K., takriban miaka elfu mbili kabla ya vyungu hivyo. Chungu hakina jina la mtu. Kinaweza kuthibitisha kwamba watu waliishi mahali fulani, lakini hakiwezi kusema kwamba mmoja wao aliitwa Yudhishthira.

Tahadhari hii si ya kitaaluma tu. Ayodhya, mji wa Rama katika Ramayana, ulikuwa na msikiti wa karne ya 16 ambao wengi waliamini umejengwa penye mahali alipozaliwa Rama. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa, na machafuko yaliyofuata yaliua watu wengi katika miji ya India. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, katika hukumu ya tarehe 9 Novemba 2019, ilisema kwamba ubomoaji ule ulivunja sheria, lakini ikakitoa kiwanja kwa ajili ya hekalu, lililofunguliwa tarehe 22 Januari 2024. Katika mabishano hayo ya miaka mingi, ushahidi wa wachimbuzi ulitajwa na kila upande. Swali la kama jina la utendi ni lile la mji wa leo, linaloonekana dogo darasani, liligharimu damu.

Hitimisho

Mwanafunzi wa tendi za Kiswahili anakutana na swali lilelile. Kaburi la Fumo Liyongo huonyeshwa karibu na Kipini, na utendi wake tunaousoma ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Kati ya kaburi na ubeti kuna karne zisizokubaliana hesabu. Mfano wa Mahabharata unafundisha kwamba majina yatumiwe kwa kile yanachokijua. Yanajua sarufi ya zama zake. Yanajua nani aliolewa kutoka wapi, nchi ipi iliheshimiwa na ipi ilitupiwa homa. Yanajua namna ukoo ulivyojitetea. Hayajui tarehe, wala hayajui mipaka ya kiwanja. Anayeyauliza la kwanza atajibiwa kwa ukarimu. Anayeyalazimisha kujibu la pili atasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, akaiita historia.