Kompyuta mpakato mpakani: namna ya kupima uimara wake kabla ya kulipa

Anayenunua kompyuta mpakato Busia hukabiliwa na swali ambalo halimsumbui sana mnunuzi wa Nairobi au Kampala: mashine ikiharibika baada ya wiki tatu, itarudishwa wapi? Duka huenda liko upande wa Kenya, naye mnunuzi ni mwalimu wa Tororo au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema, kilichopo kando ya barabara kuu ya Jinja na Tororo. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 kimerahisisha safari ya kuvuka mpaka. Dhamana ya dukani haivuki kwa wepesi huo. Kwa sababu hiyo, ukaguzi unaofanywa kabla ya fedha kutoka mfukoni una uzito mkubwa zaidi hapa kuliko mijini.

Uimara una sura mbili ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya: uimara wa toleo zima, na hali ya mashine moja iliyo mezani. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani ya SquareTrade, inayouza dhamana za vifaa, ilichunguza kompyuta mpakato zaidi ya 30,000 na kukadiria kwamba takriban moja kati ya kila tatu huharibika ndani ya miaka mitatu, ajali za kuanguka na kumwagikiwa na maji zikiwamo. Takwimu hizo ni za zamani, na ni za nchi isiyo na vumbi la Busia wala la saruji ya Tororo. Hata hivyo zinatoa fundisho moja: hata jina lenye sifa nzuri hutoa mashine mbovu, kwa hiyo chapa peke yake si dhamana.

Kwa upande wa toleo, kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, kwa kawaida zina bawaba imara na hufunguka kwa bisibisi bila kuvunjwa. Ndizo nyingi miongoni mwa zile zinazouzwa kwa jina la “ex-UK”, yaani zilizokwishatumika ng'ambo. Muuzaji akitaja kiwango cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810, mnunuzi afahamu kwamba kwa kawaida ni mtengenezaji mwenyewe anayechagua majaribio ya kufanya. Jeshi halitoi cheti. Swali lenye faida zaidi ni hili: je, fundi wa Tororo anaweza kuipata betri, kibodi na chaja ya toleo hilo?

Umri nao husemwa uongo mara nyingi. “Ni Core i5” ni maneno yasiyotosha, kwa kuwa jina hilo limetumika tangu 2009. Nambari zinazofuata ndizo zinazosema kweli: i5-7200U ni ya kizazi cha saba, i5-8250U ya kizazi cha nane, na i5-1135G7 ya kizazi cha kumi na moja. Tofauti kati ya saba na nane inaonekana ndogo, lakini ina gharama. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache za saba. Mashine ya zamani itaendelea kuwaka, ila ulinzi wake dhidi ya virusi utazidi kudhoofika, labda mwenyewe ahamie Linux.

Betri

Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kukaa muda mrefu kuliko penginepo. Katika Windows, amri “powercfg /batteryreport” huandika ripoti yenye tarakimu mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Iliyoanza na 50,000 na sasa inafikia 30,000 imebakiza asilimia 60. Lakini ripoti inayoonyesha asilimia 100 katika mashine ya miaka sita isimfurahishe mtu upesi, kwani huenda betri imebadilishwa, na si kila betri mpya ni halali. Dawa yake ni kuchomoa chaja na kucheza video kwa nusu saa. Kiwango kikishuka kutoka 100 hadi 70, betri itadumu takriban saa moja na dakika 40. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu. Mashine ilazwe pia juu ya meza tambarare: ikipepesuka, au pedi ya kipanya ikiwa imeinuka, yumkini betri imevimba, na betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Diski huja baada ya betri. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski na saa ambazo imefanya kazi. Diski ya zamani inayozunguka huumia kwa mtikisiko, jambo zito kwa yeyote atakayeibeba mgongoni juu ya bodaboda, usafiri ambao hata jina lake lilizaliwa mpakani hapa. SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo ndiyo ya kuchaguliwa.

Kibodi, spika, kamera na kila tundu hukaguliwa kwa dakika chache. Bawaba zifunguliwe mara kadhaa, na feni isikilizwe mashine ikiwa imepata moto.

Mashine iliyofungwa

Kuna hatari moja isiyoonekana kwa macho. Kompyuta iliyotoka katika kampuni ya ng'ambo huenda bado imesajiliwa kwa jina la kampuni hiyo. Itafanya kazi vizuri dukani, kisha siku itakapowekewa Windows upya ikiwa kwenye intaneti, itadai baruapepe ya mfanyakazi. Njia ya kuhakikisha ni kuifuta na kuianzisha upya mbele ya muuzaji, intaneti ikiwa imeunganishwa. Mnunuzi aingie pia katika BIOS: ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, biashara iishie hapo. Humo humo atakuta nambari tambulishi ya mashine. Ikitofautiana na ile iliyo chini ya kasha, ama bodi kuu imebadilishwa, ama kasha si lake.

Karatasi

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012, na Uganda ina sheria ya 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma. Zote hazimsaidii sana asiye na risiti. Risiti ibebe nambari ya mashine, siku za dhamana na sehemu zinazohusika, maana maduka mengi huiacha betri nje. Mashine itangazwe forodhani. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye kikomo cha dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kompyuta iliyotengenezwa China haiingii humo hata ikiwa ya bei ndogo. Hati ya forodha pia humthibitisha mwenye mali siku polisi wa barabarani watakapouliza begi lina nini.