Shanga za Rufiji na Ushahidi wa Mionzi

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za bahari kijulikanacho kwa jina la Periplus. Soko la mwisho alitajalo katika pwani ya Azania ni Rhapta, na asema kwamba jina hilo latokana na vyombo vilivyoshonwa, yaani vyombo vya namna ile ambayo Waswahili wa zama za baadaye waliiita mtepe. Miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa huko ataja mikuki, mashoka, visu, na vitu vya kioo vya namna mbalimbali. Mahali pa Rhapta hapajathibitika. Wataalamu wamepataja Pangani, Dar es Salaam, na nchi ya Rufiji, ambayo kutoka Mbwara na Kibiti hata visiwa vya delta ina mabaki mengi ya wafinyanzi na wafua chuma wa kale.

Mwaka 1999 Felix Chami, mwanachuoni wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitangaza katika jarida la Current Anthropology habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti. Alizitambua kuwa ni za Kirumi, akaziona kuwa ushahidi wa biashara iliyoelezwa na Periplus. Hoja hiyo ilizua mjadala, na haikosi uzito: ikiwa ni kweli, basi wakazi wa Rufiji walikuwa wakifanya biashara na watu wa mbali karne nyingi kabla ya misikiti ya Kilwa. Madhali ushanga hauna maandishi, yapasa kuuliza kioo chenyewe.

Kwa kazi hiyo wachimbaji wa siku hizi wana chombo cha mkononi, chenye uzito wa kilo mbili hivi, kinachopima elementi kwa mionzi ya eksirei pale pale uwanjani. Mionzi ya chombo huigonga atomu na kuiondolea elektroni ya ndani. Elektroni ya nje hushuka kushika nafasi yake, na katika kushuka huko atomu hutoa mionzi yenye nguvu maalumu. Henry Moseley alionyesha mwaka 1913 kwamba nguvu hiyo hufuatana na namba ya atomu, hata kila elementi ikawa kama imetaja jina lake. Kipimo huchukua dakika chache, na ushanga haukatwi wala hausagwi. Faida hiyo si ndogo, kwa kuwa vitu vya kale vya Tanzania vinalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kuvitoa nje ya nchi kwahitaji idhini.

Tofauti inayotafutwa yaeleweka vizuri kwa maneno mawili ya Kiswahili, magadi na majivu. Mafundi wa dola ya Kirumi waliyeyusha mchanga kwa magadi ya Misri, na kioo chao kwa kawaida kina magnesia na potashi chini ya asilimia 1.5. Mafundi wa Mesopotamia na Uajemi walitumia majivu ya mimea, na viwango hivyo vikapanda. Kioo kingi cha Bara Hindi na Sri Lanka kilitokana na mchanga wenye alumina nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 5, hali kile cha Kirumi huwa na asilimia 2 au 3 hivi.

Hapa ndipo udhaifu wa chombo unapoonekana. Mionzi ya sodiamu, elementi kuu ya magadi, ni hafifu mno hata humezwa na hewa kabla ya kufika. Ile ya magnesiamu na alumini hutoka katika utando mwembamba wa juu tu, na utando huo ndio uliokwisha kuharibiwa na unyevu wa udongo, ambao huvuta sodiamu na potasiamu na kuacha ukoko. Elementi nzito, kama strontiamu na zirkoniamu, husikika kutoka ndani zaidi. Walakini ushanga ulio mwembamba au wenye mviringo mkali huipunja hesabu yake. Kwa hiyo Marilee Wood na wenzake, walipochapisha mwaka 2017 uchunguzi wa shanga za Unguja Ukuu na Fukuchani, walitegemea njia ya maabara inayochoma tundu dogo kwa leza na kupima hata elementi zilizo haba.

Chombo cha mkononi basi kina nguvu zaidi katika kukanusha kuliko katika kuthibitisha. Ushanga wenye alumina na zirkoniamu nyingi waweza kuondolewa katika hesabu ya Warumi siku ile ile ulipochimbuliwa. Ule usioondolewa hubaki katika kundi la kupelekwa maabara, na jina lake hungoja.

Jina lenyewe lataka uangalifu. Katika usemi "ushanga wa Kirumi" ile -a ya uhusiano yabeba maana tatu: kwamba kioo kiliyeyushwa katika dola ya Rumi, kwamba ushanga ulitengenezwa huko, au kwamba uliletwa na wafanyabiashara wa huko. Elementi zajibu swali la kwanza peke yake. Kioo kilichoyeyushwa Misri chaweza kufinyangwa kwingine, na ushanga ukapita mikono ya Waarabu, Wahindi, na mabaharia wa Azania wenyewe kabla ya kufika Mkukutu. Swali la pili laulizwa kwa umbo na ufundi wa ushanga. La tatu kwa tabaka la udongo, vigae na mabaki yaliyoandamana nao.

Historia ya Rufiji haitapungua kwa kuyatenga maswali hayo. Hata kama shanga zote zingeonekana kuwa za Bara Hindi, zingeshuhudia bandari iliyofungamana na bahari pana. Wajibu wa mwandishi ni kueleza, kila atumiapo -a hiyo, ni maana ipi kati ya tatu aliyonayo ushahidi wake.