Tungo, au kwa nini 2 na 3 zikawa 23

Mtu anayejifunza kuandika programu, akishaifanya kompyuta imwamkie, kazi ya kwanza ya maana anayopewa huwa ni kikokotoo. Neno hilo Watanzania wengi walilikariri mwishoni mwa mwaka 2018 kwa sababu ya mafao ya wastaafu, pale kanuni mpya ya kukokotoa pensheni ilipozua zogo hadi ikasitishwa Desemba mwaka huo. Hapa tunalirudisha kwenye kazi yake ya kawaida: kitu cha kupigia hesabu. Mtumiaji aandike namba mbili, kompyuta izijumlishe, basi. Kwa lugha ya Python, ambayo ndiyo wengi wanaanzia siku hizi, mistari mitatu inaonekana kutosha:

a = input("Namba ya kwanza: ")
b = input("Namba ya pili: ")
print(a + b)

Mwanafunzi anaiendesha. Anaandika 2, anabonyeza Enter, anaandika 3, anabonyeza tena. Jibu linatoka: 23.

Programu haijagoma wala haijalalamika. Imetoa jibu kwa utulivu kamili, na jibu ni la ovyo. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile la programu kukatika njiani, kwa sababu programu inayokatika hukuonyesha mahali pa kutazama. Anajaribu 10 na 5, anapata 105. Anabadilisha alama ya kujumlisha kuwa ya kuzidisha, na sasa ndipo Python inapokataa na kumtupia neno TypeError. Anarudi kukagua hesabu yake, lakini hesabu haina tatizo. Tatizo liko kwenye kitu ambacho mwalimu alikiita "stringi" katika somo la kwanza, akapita.

Kibodi haitoi namba. Ukibonyeza kitufe cha 2, kinachoingia kwenye kompyuta ni alama ya 2, kama vile kitufe cha jirani kinavyoingiza herufi. Kila alama ina namba yake ya utambulisho katika orodha iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963 na ambayo bado imo ndani ya mifumo ya leo. Katika orodha hiyo, alama 0 ni ya 48, alama 2 ni ya 50, alama 3 ni ya 51, herufi A kubwa ni ya 65. Hata + ina nafasi yake, ya 43. Ukiandika kwa lugha ya C na kujumlisha alama '2' na alama '3', hupati 5 wala 23. Unapata 101, ambayo kwenye orodha hiyohiyo ni herufi e ndogo.

Amri ya input, basi, humpa mwanafunzi safu ya alama zilizopangwa kama zilivyobonyezwa. Safu hiyo ndiyo stringi, na alama ya + ikikutana na safu mbili, huziunga kichwa na mkia. Python haijakosea. Imeombwa iunge, imeunga.

Sasa tuiiteje? Waandishi wa miongozo ya Kiswahili wamejaribu njia kadhaa. Wapo wanaosema "mfuatano wa herufi". Ni maelezo mazuri kwa neno kama "Mwanza", lakini linamponza mwanafunzi pale pale anapohitaji msaada. Shuleni alifundishwa kwamba herufi ni a, b, ch, d. Mbili si herufi. Akiambiwa kuwa input hutoa mfuatano wa herufi, anahitimisha kwa haki kabisa kwamba 2 yake haihusiki. Wengine wametafsiri moja kwa moja na kusema "uzi", neno ambalo fundi cherehani angelielewa haraka kuliko mwandishi wa programu, kwa kuwa kinachotajwa hapa ni vilivyopangwa kwenye uzi. "Matini" lina heshima yake katika isimu, ila matini hubeba ujumbe, na safu ya alama inaweza kuwa nafasi tatu tupu na nukta moja. "Mtungo" lingekuwa karibu zaidi, lakini mitaani limekwisha kuchafuliwa kwa maana isiyotamkika darasani, na hakuna mwalimu atakayelisimamia.

Linabaki tungo. Kutunga ni kupitisha kimoja baada ya kingine: shanga hutungwa, samaki hutungwa, asumini hutungwa. Shanga zilizotungwa zinaeleza karibu kila kitu anachotakiwa kukijua anayeanza. Mpangilio una maana, kwa hiyo 23 na 32 ni tungo mbili tofauti japo shanga ni zilezile. Tungo mbili zinaweza kufungwa pamoja zikawa moja ndefu, na hicho ndicho + ilichofanya. Unaweza kuhesabu urefu wake, kukata kipande, kutafuta ushanga fulani uko wa ngapi. Lakini huwezi kuzidisha shanga kwa shanga, ndiyo maana Python ilikataa "2" * "3". Inachokubali ni "2" * 3, yaani tunga hiyo mara tatu, na jibu ni "222".

Waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita walikwisha kukutana na tungo kwenye sarufi: tungo neno, tungo kirai, tungo kishazi, tungo sentensi. Pale pia ni vipashio vidogo vilivyopangwa vikaunda kikubwa. Istilahi ya kompyuta ingekuwa inaendeleza kazi ambayo neno lilikwisha kuianza, na ngeli yake haisumbui: tungo hii, tungo hizi. Najua pingamizi lipo. Mwalimu wa fasihi atasema tungo ni mashairi, na akisikia "tungo yenye alama nne" atatafuta mizani na vina. Hilo halinitishi. Mzizi uko kwenye mti na uko kwenye sarufi, tawi liko kwenye mwembe na liko kwenye benki, na hatujasikia mtu aliyepotea.

Kinachotishia zaidi ni neno tunalolitumia kila siku bila kulifikiria, namba. Kiswahili kina tarakimu kwa alama zenyewe, 0 hadi 9, kina idadi kwa wingi wa vitu, halafu kina namba, ambayo tumeitwisha zote mbili. Wakenya, kwa neno lao tarakilishi, waliitia tarakimu hadi ndani ya jina la mashine, na kwa upande wa kibodi walipatia. Katika mazungumzo, hata hivyo, tunasema namba ya simu, namba ya gari, namba ya nyumba, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo idadi ya kitu. Atakayeandika programu ya orodha ya wateja na kuzihifadhi simu zao kama namba atagundua kwamba 0712 ya mwanzo imekuwa 712. Sifuri imeondoka, kwa sababu kwa idadi, sifuri ya mbele haina thamani. Watu wa ofisini wanaofungua orodha za simu kwenye majedwali ya kompyuta wanaujua ugonjwa huu, hata kama hawajui jina lake.

Kipimo ni chepesi: jiulize kama ina maana kuigawa kwa mbili. Nusu ya nauli ni nauli ya mtoto. Nusu ya namba ya simu si simu ya mtu yeyote. Nauli ihifadhiwe kama namba, simu ihifadhiwe kama tungo, hata kama zote mbili zimeandikwa kwa tarakimu tupu.

Kwenye kikokotoo, basi, kazi ni kuigeuza tungo iwe namba kabla ya kuijumlisha:

a = int(input("Namba ya kwanza: "))

Amri ya int hutoa namba kamili. Kama mtumiaji ataandika 2.5 itagoma, na hapo float, yaani namba ya desimali, ndiyo inayofaa. Desimali nazo zina vituko vyao, kwani Python itakuambia kuwa 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004, lakini hayo yanatokana na jinsi kompyuta inavyohifadhi sehemu kwa mfumo wa mbili, na tungo haihusiki.

Ninachopenda zaidi kumwonyesha anayeanza ni kile kinachoendelea ndani ya int. Chukua tungo "275". Ushanga wa kwanza ni alama 2, ya 50 kwenye orodha. Toa 48, ambayo ni nafasi ya sifuri, unabaki na 2 ya kweli, inayoweza kuhesabiwa. Ushanga wa pili ni 7, wa 55. Toa 48, unapata 7. Ulichokuwa nacho kizidishe kwa 10 kisha ongeza hiki kipya: 20 na 7, 27. Ushanga wa tatu ni 5, wa 53. Toa 48, zidisha 27 kwa 10, ongeza 5. Umefika 275. Tazama kikokotoo cha mezani mtu anapobonyeza 2, 7, 5: kioo kinaonyesha 2, kisha 27, kisha 275. Kila kitufe kinasukuma vilivyotangulia nafasi moja kushoto, ambayo ndiyo ileile kuzidisha kwa 10. Mwanafunzi aliyeiandika hatua hii kwa mkono wake hata mara moja hatauliza tena tofauti ya tungo na namba.

Atakutana na tatizo jingine siku atakapompa mwenye duka programu yake aijaribu. Mwenye duka ataandika bei kama anavyoiandika kwenye daftari: 1,500/=. Programu itakatika na kutoa ValueError, kwa kuwa int haijui mkato wala alama zetu za shilingi. Hapo tungo inageuka kuwa msaada. Kabla ya int kuigusa bado ni shanga, na unaweza kuondoa usizozihitaji, mkato kwanza na /= baadaye, ndipo uigeuze namba:

a = a.replace(",", "").replace("/=", "")

Kwa upande mwingine, int ina ukarimu usiotarajiwa. Ukiipa tarakimu za Kiarabu, ٢ na ٣, zile zinazokutwa kwenye miswada ya zamani ya Kiswahili ya Lamu na Unguja iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, inazisoma bila shida, na kikokotoo kinakupa 5. Njia yetu ya kutoa 48 ingefeli, kwa sababu ٢ katika orodha kubwa ya leo, Unicode, ni ya 1634. Kutoa 48 kungekuletea 1586.

Wapo wanaouliza kwa nini Python isijionee yenyewe kwamba mtu kaandika 2 na kuichukulia kama namba. Zamani ilifanya hivyo. Katika Python 2, input ilichukua kilichoandikwa na kukikokotoa papo hapo, na mistari ile mitatu ya juu ingetoa 5. Balaa ni kwamba mtumiaji angeweza kuandika, mahali pa namba, amri ya kufuta faili, na programu ingetii. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, iliamua kwamba chochote kinachotoka kwa mtu ni tungo mpaka mwandishi wa programu aseme vingine. Toleo la 2 liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Ile 23 ya kuudhi ni gharama ya ulinzi huo, na kwa maoni yangu ni gharama ndogo.

JavaScript ilichagua njia nyingine. Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi mwaka 1995, na ndani yake "7" - "2" ni 5, "2" * "3" ni 6, ila "2" + "3" ni "23". Kikokotoo cha anayeanza kwa lugha hiyo hutoa, huzidisha na hugawanya vizuri kabisa; kinachokosea ni kujumlisha peke yake. Python, inayogoma kwenye matendo matatu mengine, angalau inampa mwanafunzi sababu ya kushuku.

Tungo ikikubalika, wenzake wanajileta wenyewe: kuunga tungo, urefu wa tungo, kipande cha tungo, tungo tupu. Hii ya mwisho inahitaji uangalifu kwenye kikokotoo. Mtumiaji akibonyeza Enter bila kuandika kitu, programu hupokea tungo yenye urefu wa 0, na tungo tupu si namba 0, int itaikataa. Kishawishi cha kuijaza sifuri kimyakimya ni kikubwa, na katika kujumlisha hakuna atakayegundua. Lakini katika kugawanya, kama iliyorukwa ndiyo namba ya pili, programu itagawa kwa sifuri na kukatika kwa ZeroDivisionError, na mtumiaji atalaumiwa kwa sifuri ambayo hakuiandika. Bora iulize tena.