Bakuli la Uji: Kutoka kwa Nyanya Hadi Kwetu

Leo sitaanza na chanjo wala vyandarua. Naomba twende jikoni tutazame bakuli la uji wa mtoto. Bakuli hilo lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na katika nyumba yetu historia hiyo imetugusa mara mbili.

Mimi ni mzaliwa wa Busia. Huko kwetu, karibu na mlima Elgon, kuna pango la mawe linaloitwa Kakapel. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo na kuchuja udongo, wakapata mbegu zilizoungua moto za vyakula vya watu wa zamani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024. Walipata kunde za miaka ipatayo 2,300 iliyopita, na punje nyingi za wimbi za miaka ipatayo 1,000. Kwa hivyo, mama, ukipika wimbi na kunde leo Busia, unapika chakula ambacho watu wa hapo walikipika kabla hata ya mahindi kufika Afrika.

Mahindi ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuja. Kwa miaka mingi yalibaki chakula cha pembeni tu. Huku bara watu walikula wimbi, mtama, mawele, viazi vitamu, ndizi, kunde na njahi, kila sehemu kulingana na ardhi yake. Uji ulikuwa na majina mengi. Wajaluo huuita nyuka, Wakikuyu ucuru, Wakalenjin musarek. Mara nyingi unga ulilowekwa na kuachwa uchachuke kwanza, ndipo ukapikwa.

Mambo yalibadilika katika karne ya ishirini. Walowezi walipanda mahindi meupe kwa wingi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka 1914 na 1918, maelfu ya wanaume wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na huko walilishwa unga wa mahindi. Mtaa wa Kariokor pale Nairobi umepata jina lake kutokana na kikosi hicho. Vita vilipokwisha, mashamba na makampuni yaliendelea kuwapa wafanyakazi unga huohuo kama posho, na ndiyo maana kinu cha kusagia tunakiita kinu cha posho hadi leo. Kisha mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya mahindi iliyoitwa 611, na mavuno yakaongezeka sana.

Usifikiri kwamba nyanya zetu walilazimishwa kuacha wimbi. Kukhu wangu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, hucheka akisikia watu wa mjini wakisifu wimbi. Anasema, "Hao hawajawahi kulipalilia." Wimbi likiwa changa linafanana na nyasi, na unalipalilia umeinama mchana kutwa, unang'oa magugu kwa vidole. Likikomaa, ndege wanalishukia, na watoto waliokuwa wakifukuza ndege sasa wako shuleni. Kisha unalisaga kwa jiwe, umepiga magoti alfajiri. Hindi limefunikwa maganda yake, na kinu cha dizeli kinakusagia debe zima kwa dakika chache. Mwanamke yeyote mwenye akili angechagua mahindi. Hata mimi ningeyachagua.

Kukhu aliolewa miaka ile ya mbegu mpya, akapanda mahindi hadi kwenye kile kipande kilichokuwa cha wimbi. Mtoto wake wa pili alipokuwa na mwaka mmoja na miezi kidogo, Kukhu alishika mimba nyingine. Kwa desturi ya wakati ule, alimwachisha ziwa siku hiyohiyo. Mtoto akawa anakunywa uji mweupe wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Baada ya muda miguu yake ilianza kuvimba. Nywele zikawa nyekundu na laini, ngozi ikaanza kubabuka, akawa hachezi wala hataki kutazama mtu. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema mbona ananenepa, yuko salama. Alifariki kabla ya mvua za masika. Kukhu alinisimulia habari hiyo mara moja tu, nilipokuwa namalizia masomo yangu ya uuguzi. Kisha akaniuliza, "Nyinyi mliosoma, huo ugonjwa mnauitaje?"

Tunauita kwashiorkor. Jina hilo si la Kizungu, ni la lugha ya Kiga ya huko Ghana. Mwaka 1933 daktari mzaliwa wa Jamaica aliyeitwa Cicely Williams alikuwa akifanya kazi huko, enzi hizo ikiitwa Gold Coast. Aliandika juu ya watoto waliovimba namna hiyo. Alikuwa amewauliza kina mama wenyewe, nao wakamwambia ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani kwa sababu mwingine anakuja. Aliona pia kwamba watoto hao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Leo tunajua kwamba chanzo chake si upungufu wa protini peke yake, maana maambukizi ya mara kwa mara pia yanachangia. Lakini picha aliyoichora daktari yule ndiyo niliyoisikia kutoka kwa Kukhu.

Sisemi mahindi yalimwua mjomba wangu. Mtoto anaweza kukua vizuri akila mahindi, kama yana mwenzake: maharagwe, maziwa, yai, omena, mboga. Tatizo lilikuja pale bakuli lilipobaki na kitu kimoja. Wimbi, kwa mfano, lina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika gramu 100, na mahindi hayafiki hata kumi ya moja ya hapo. Tena tulipozoea unga mweupe uliokobolewa, kiini na pumba vilienda kwa ng'ombe na kuku. Serikali yenyewe iliona pengo hilo, na mwaka 2012 sheria ikaagiza unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe vitamini na madini. Unga unaosaga mwenyewe kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Sasa niwaeleze mara ya pili, ambayo naona haya kidogo kuisema redioni.

Kifungua mimba wangu alipofika miezi tisa, mstari wa uzito kwenye kijitabu chake cha kliniki ulilala. Haukushuka, ulilala tu, miezi miwili. Mimi ni muuguzi, nimewafundisha kina mama wengi kuusoma mstari huo, na wangu umelala. Nilikuwa nikimpikia uji mara nne kwa siku. Kukhu alikuja kututembelea, akainua kikombe, akakiinamisha, akautazama uji unavyokimbia. Akasema, "Mjukuu wangu, unampa mtoto maji ya moto." Nikamjibu kwamba ukiwa mzito anaukataa. Akasema nitie kimea. Nilicheka. Kwangu kimea kilikuwa kitu cha busaa, na sikutaka harufu ya pombe kwenye kikombe cha mtoto.

Nilipokwenda kusoma, nilikuta kwamba Kukhu ana haki, na kwamba miaka ya 1980 watafiti wa jirani zetu Tanzania walikuwa wamelipima jambo hilihili. Unga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Ili uji unyweke, mama hulazimika kuongeza maji mpaka katika gramu 100 za uji unga uwe gramu 5 hadi 7 tu. Hizo ni kama kalori 20 na kidogo. Maziwa ya mama yana kama kalori 65 hadi 70 kwa kiasi hichohicho. Maana yake, mama, uji mwepesi ni dhaifu kuliko ziwa lako mwenyewe! Tumbo la mtoto ni dogo, linajaa maji, anaacha kunyonya kwa shibe ya bure.

Kimea hubadilisha hesabu hiyo. Nafaka inapoanza kuota hutengeneza kitu kinachokata wanga vipande vidogo, kwa sababu mche unataka kula. Ukitia kimea kidogo kwenye uji mzito, wanga unakatika na uji unalainika mbele ya macho yako bila kuongeza tone la maji. Unaweza kuweka hadi gramu 20 za unga katika gramu 100 na mtoto bado anakunywa. Hapana pombe ndani yake, maana haukuachwa uchachuke.

Hivi ndivyo ninavyofanya nyumbani. Chagua wimbi safi lisilo na ukungu. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi safi siku mbili au tatu mpaka liote. Lianike likauke kabisa, sugua uondoe vimizizi na machipukizi, kisha saga. Tumia wimbi, si mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama huwa na sumu. Pika uji mzito hadi uive, epua, uache upoe kidogo, maana ukiwa unatokota unaua nguvu ya kimea. Tia kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, koroga, subiri dakika chache ulainike. Kisha urudishe motoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Na uji huo bado unahitaji mwenzake, maziwa au njugu karanga zilizosagwa au omena.

Kuna mama aliyewahi kuniuliza kama basi achanganye unga wa nafaka saba, soya, njugu na omena pamoja kama wanavyouza sokoni. Mimi sishauri. Mchanganyiko kama huo unaharibika upesi, na mtoto akidhurika hujui ni kipi kilichomdhuru. Nafaka moja au mbili zatosha, vingine tia wakati wa kupika.

Lakini nyanya zetu hawakuwa na haki katika kila kitu. Kukhu mwenyewe alimpa mama yangu maji ya moto na uji akiwa na wiki chache, na kila mtu kijijini alifanya hivyo. Mtoto wa chini ya miezi sita haongezewi chochote isipokuwa dawa iliyoandikwa na daktari. Hapa ndipo kizazi chetu kimefanya vizuri. Mwaka 2003 ni watoto 13 tu katika kila 100 wa umri huo waliokuwa wakinyonya bila kuongezewa kitu hapa Kenya. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Tuliacha jambo la zamani, na tulifanya vyema kuliacha.

Vivyo hivyo na ghala. Kukhu alihifadhi wimbi juu ya moshi wa jiko, likakaa miaka. Mahindi ni mepesi kuota ukungu. Mwaka 2004 huko Ukambani sumu kuvu ilipatikana katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu 317 waliugua, na 125 wakafariki. Mahindi yenye ukungu usiyaoshe ukadhani yamepona, wala usiyasage ya mtoto. Kuyapika hakuondoi sumu hiyo.

Mtoto wangu sasa yuko shule ya msingi na anakimbia kuliko mimi. Mstari wake ulianza kupanda mwezi uliofuata, ingawa nakiri kwamba mwezi huohuo nilianza pia kumpa yai, kwa hivyo sifa zote si za kimea. Kukhu hakubali. Nilipomwomba anipe kipimo chake kwa vijiko nikiandike kwa ajili ya kipindi hiki, alikataa. Alisema yeye hutazama uji unavyodondoka kutoka kwa mwiko, basi. Kile kijiko kimoja cha chai nilichowatajia ni changu, nilichojaribu mwenyewe jikoni mara nyingi. Anzeni nacho, na mkienda kliniki mwezi ujao bebeni kijitabu cha mtoto tuutazame mstari pamoja.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto anayeharisha na namna ya kumlisha wakati anapougua. Kwaherini.