Kimya cha Chombo: Ulinganisho wa Spektromita katika Uchunguzi wa Shanga za Kale

Historia ya upwa wa Afrika Mashariki imeandikwa kwa muda mrefu kwa msaada wa tarihi, tenzi, sarafu, vigae na magofu ya misikiti. Shanga za kioo, ijapokuwa huchimbuliwa kwa maelfu, zilipewa nafasi finyu. Taarifa ya Neville Chittick kuhusu Kilwa, iliyochapishwa mwaka 1974, ilizigawa kwa rangi, umbo na namna zilivyotengenezwa. Mgawanyo huo ulihitajika, lakini ulikuwa na kikomo. Shanga mbili nyekundu, zenye umbo na ukubwa mmoja, zaweza kuwa zimetoka katika tanuri zilizotengana kwa mamia ya maili na kwa karne kadhaa. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Hivyo swali la asili ya shanga likawa swali la kemia, na swali la kemia likawa swali la chombo.

Chombo hicho ni spektromita. Mwaka 1859, huko Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen walidhihirisha kwamba kila elementi inapochomwa hutoa mistari ya nuru iliyo yake peke yake. Kwa njia hiyo waligundua siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960, haikupita miaka miwili kabla ya Brech na Cross kuitumia kugeuza mada ngumu kuwa mvuke uwakao. Msingi wa njia hiyo haujabadilika: mpigo mfupi wa leza hung'oa chembe ndogo, chembe hiyo hugeuka plazima, na nuru ya plazima hutawanywa na kusomwa.

Namna ya kuitawanya nuru ndiyo inayotofautisha spektromita za nuru. Ile ya Czerny na Turner, iliyoelezwa mwaka 1930, hutumia vioo viwili na bamba lenye mistari myembamba iliyosongamana. Hupitisha nuru nyingi, ila ikitakiwa kutenganisha mistari iliyokaribiana, husoma kipande kifupi tu cha spektra kwa wakati mmoja. Ile ya eshele, iliyoasisiwa na Harrison mwaka 1949, huikunja spektra na kuipanga safu juu ya safu, mithili ya mistari ya ukurasa. Ukurasa mzima husomwa kwa mara moja, lakini nuru iliyogawanywa hivyo huwa haba, na mistari dhaifu huweza kupotea.

Njia ya tatu huiacha nuru kabisa. Mwaka 1985 Gray aliunganisha leza na spektromita ya masi. Hapa leza ni patasi tu: vumbi linalong'olewa hupelekwa katika plazima ya gesi ya agoni, nazo ioni zake hupambanuliwa kwa masi. Chombo hiki hupima elementi iliyo chini ya sehemu moja katika milioni, na tundu linaloachwa katika ushanga halionekani kwa macho matupu. Hata hivyo ni kikubwa, ni ghali, na hakiondoki maabara. Spektromita ya nuru, kwa upande wake, hushikwa mkononi na kupelekwa machimboni. Hata katika sayari ya Mirihi, tangu mwaka 2012, gari la Curiosity limepima miamba iliyo umbali wa hadi mita 7 kwa kutumia spektromita tatu za nuru.

Thamani ya ulinganisho huu hubainika katika shanga zenyewe. Utafiti wa Laure Dussubieux na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulipambanua vioo vya soda na alumina vilivyofanana kwa sura. Aina moja, yenye bariamu nyingi na urani kidogo, yahusishwa na India Kusini na Sri Lanka. Nyingine, yenye urani zaidi na bariamu pungufu, imepatikana Chaul, pwani ya magharibi ya India. Kwa hiyo jina la jumla, "shanga za Kihindi", lilikuwa limeficha masoko mawili na nyakati mbili.

Ni spektromita ipi, basi, imfaayo mwanahistoria? Jibu hutegemea swali. Ikiwa swali ni kama kioo kilitengenezwa kwa majivu ya mimea au kwa soda ya madini, magnesi na potasi zatosha kujibu, na spektromita ya nuru huziona bila taabu. Ikiwa swali ni lipi kati ya masoko hayo mawili ya India, hapana budi kupima urani, ambayo mistari yake ya nuru ni maelfu, dhaifu na iliyosongamana. Hapo masi ndiyo yenye neno.

Hatari iko kwa mtafiti anayesoma "urani haikuonekana" akaandika "urani haipo". Kosa hilo si la mashine, ni la tafsiri, na laweza kuunganisha upya masoko yale yale ambayo kemia ilikwisha kuyatenganisha. Kwa hiyo kila tokeo halina budi kuandamana na kiwango cha chini ambacho chombo kinaweza kukiona, na shanga zilizochambuliwa machimboni kwa nuru zichaguliwe chache za kupimwa kwa masi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha chombo nacho kina mshindo wake, na ni wajibu wa mwanahistoria kuusikiliza kabla ya kuuandika kuwa utupu.