Hayes: kutoka santuri hadi vituo vya data

Habari za nyumba janja husimuliwa kana kwamba zimeanza juzi: taa inayowashwa kwa simu, spika inayojibu ukiiita, mita inayojisoma yenyewe. Mimi naona historia yake ni ndefu zaidi, na mahali pazuri pa kuianzia ni Hayes, mji wa viwanda magharibi ya London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Mwaka 1907 mwimbaji Nellie Melba aliweka hapo jiwe la msingi la kiwanda cha santuri cha Gramophone Company, ile kampuni ambayo nembo yake ni mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Wazee wetu wa Unguja na Mombasa walimjua sana mbwa yule. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, aliirekodia kampuni hii hii, na sahani zake zikarudi kuuzwa pwani. Sasa hebu tukitazame chombo chenyewe kilichozicheza. Gramafoni ya siku hizo ilikwenda kwa springi: unazungusha mkono, unashusha sindano, sauti inatoka. Waya haina, umeme haitaki. Ukishainunua imekuwa yako, na Hayes haina habari unamsikiliza nani wala saa ngapi.

Linganisha na spika ya kuzungumza nayo, mathalani Echo ya Amazon iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2016. (Ilipofika haikujua Kiswahili, ilhali wale wa santuri mwaka 1928 walikwisha kuona kuwa sauti ya Kiswahili ni biashara. Lakini hayo tuyaache.) Nyumbani spika hii inakula wati chache tu. Ila ukiiuliza kama mvua itanyesha, sauti yako inasafiri mpaka kituo cha data, mashine za huko zinaichambua, kisha jibu linarudi. Kwa hiyo bili yako inaonyesha kipande tu cha umeme uliotumika. Kilichobaki kimetumika kwingine.

Na hiyo Hayes ya santuri leo ni mojawapo ya sehemu zenye vituo hivyo. Virtus wamo, Ark wamejenga huko Bulls Bridge. Sababu zinaeleweka: mikongo ya mawasiliano inayotoka London kuelekea Slough na hatimaye bahari ya Atlantiki inapita upande huo, na viwanja vya viwanda vya zamani vilikuwepo. Kiwanda cha santuri kiliajiri maelfu ya watu. Kituo cha data ni jengo kubwa lenye walinzi, mafundi wachache, na njaa ya umeme isiyolala.

Njaa hiyo ilijulikana kwa wote mwaka 2022, pale serikali ya jiji la London ilipowaeleza wajenzi wa nyumba katika wilaya za Hillingdon (ndiyo yenye Hayes), Ealing na Hounslow kwamba baadhi ya miradi mikubwa huenda ikasubiri hadi mwaka 2035 kupata umeme. Vituo vya data vilikuwa vimekwisha kujiwekea nafasi kwenye gridi. Baadaye ilipatikana njia ya kuipitisha miradi midogo, lakini fikirini: London, mji wenye uhaba wa nyumba, nyumba zinapanga foleni nyuma ya kompyuta! Na ni nyumba hizo hizo ambazo zingejazwa vifaa vya kuzitumikisha kompyuta hizo.

Wanaosema vifaa hivi vinaokoa umeme nao hawasemi uongo. Katika majira ya baridi ya 2022/23 wenye mita janja walilipwa wapunguze matumizi saa za msongamano, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 1.6 zilishiriki. Ni mafanikio, nakubali. Ila anayelipwa ni yule mwenye cha kuahirisha, kama gari la umeme au mashine ya kufulia. Mama anayewapikia watoto saa kumi na mbili jioni ataahirisha nini? Isitoshe, mita hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kwa mbali kuwa ya kulipa kwanza, bila mtu kubisha hodi. Sisi wa LUKU tunaujua mfumo huo tangu miaka ya 1990, lakini LUKU namba unaibonyeza kwa kidole chako. Huku mambo yalifika mahali ambapo Februari 2023 Ofgem, msimamizi wa nishati, aliyataka makampuni yasitishe kuwalazimisha watu mita za kulipa kwanza.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 20 Machi 2025. Transfoma ya kituo cha kupozea umeme cha North Hyde, hapo hapo Hayes, ilishika moto. Wateja karibu 67,000 walikosa umeme, Heathrow ikafungwa kesho yake karibu siku nzima, na safari za abiria zaidi ya 270,000 zikavurugika. Umeme ukikatika, ruta inazima, na vyote vinavyoitegemea vinakufa pamoja nayo: spika, kamera ya mlangoni, hata simu ya mezani, maana ile ya zamani ilileta umeme wake kutoka kituo cha simu na ya sasa inapita kwenye ruta. Vituo vya data vina betri na jenereta za dizeli. Nyumba hazina.

Ripoti ya NESO, waendeshaji wa mfumo wa nishati wa taifa, ilitoka tarehe 2 Julai 2025. Ilisema kuwa chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli ni unyevu ulioingia kwenye kihami cha transfoma. Kumbe dalili za unyevu huo zilionekana kwenye sampuli ya mafuta tangu Julai 2018. Karibu miaka saba kipimo kipo kwenye kumbukumbu na hatua inayostahili haikuchukuliwa, katika nchi ambayo friji inakuletea ujumbe kwenye simu kwamba umeacha mlango wake wazi. Siku ile ile ya ripoti, Ofgem alifungua uchunguzi rasmi juu ya National Grid, wenye kituo hicho.